Nani Atajibu Msafiri Akikwama Nansio?



Likizo iliyopita tulikuwa walimu wanane wa chuo kimoja, na tuliamua kufanya jambo ambalo viongozi wetu hutuhimiza kila mwaka kwenye maonesho na makongamano: utalii wa ndani. Tulichagua Ukerewe. Mmoja wetu hufundisha fasihi, na kwa miaka mingi amewasomesha wanafunzi riwaya ya Aniceti Kitereza bila kukanyaga Kagunguli, alikoishi mwandishi huyo. Wengine tulitaka kuiona ikulu ya watemi pale Bukindo na jiwe linalocheza kule Ukara. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekijua kisiwa, tulikwenda kwa wakala wa safari jijini Mwanza. Ofisi ilikuwa na meza, mhuri, picha za simba, na leseni iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu. Tulilipa fedha zote mapema: tiketi za meli, vyumba vya siku tatu Nansio, gari la kisiwani na boti ya Ukara.

Asubuhi ya safari tulifika bandarini tukakuta hakuna tiketi. Simu ya wakala iliita bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Tukajinunulia tiketi wenyewe, tukavuka. Nansio nako, mama mwenye nyumba ya wageni alitutazama kwa huruma, akasema, "Walimu wangu, hapa hakuna simu iliyopigwa wala senti iliyotumwa." Alitutafutia vyumba vinne, tukalala wawili wawili, akakubali kusubiri malipo yake hadi mwisho wa mwezi. Fedha tuliyomlipa wakala haijarudi hadi leo. Kila ofisi tuliyobisha hodi ilituelekeza kwenye ofisi nyingine, na ile ya mwisho ikaturudisha kwenye ya kwanza.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Wapo waliopoteza zaidi yetu. Nayasimulia kwa sababu ya jibu tulilopewa na wenzetu tuliporudi: "Mmejitakia. Nani aliwatuma kwa wakala? Hayo ni mambo ya Wazungu." Jibu hilo lilinikera kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa lilitoka kwa watu waliosoma, wanaozijua haki zao mahali pengine pote isipokuwa hapa. Makala haya yanalipinga. Nasema kwamba mwananchi anayetaka kusafiri kwa mapumziko anastahili mtu wa kumpangia safari na kuijibia. Na kwamba dola inayotoza ada ya leseni bila kulinda fedha ya mteja inakusanya kodi tu, hata kama kodi hiyo imevikwa joho la udhibiti.

Tuanze na hilo la Wazungu. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, seremala na mhubiri wa kupinga ulevi, alikodi treni akasafirisha watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, nchini Uingereza, kwa nauli ya shilingi moja kila mmoja. Abiria wale hawakuwa makabaila. Kabaila wa zama zile alikuwa na gari lake la farasi na mtumishi wa kumtangulia njiani. Aliyehitaji wakala ni mtu wa kawaida, asiye na muda wa kuulizia bei, asiye na jamaa ugenini, na ambaye fedha yake ikipotea hana nyingine. Ndivyo ilivyo hata leo. Tajiri wa Dar es Salaam akikwama Nansio atampigia simu mtu anayemfahamu. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sengerema akikwama, atalala kibarazani.

Na kampuni iliyobeba jina la Cook ilipofilisika mwezi Septemba 2019, takriban wateja 150,000 kutoka Uingereza walikuwa nje ya nchi yao. Hawakuachwa. Kwa muda mrefu sheria ya huko ilikuwa imelazimisha kila safari ya ndege iliyouzwa kwa mfumo huo ichangie mfuko wa kuwalinda wasafiri, na serikali yao ikakodi ndege kuwarudisha. Wakala alikufa, lakini mteja alifika nyumbani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nchi inayosimamia biashara ya safari na nchi inayoihesabia mapato tu.

Sasa nirudi Nansio, maana huko ndiko nilikomwona wakala wa kweli. Ni kijana wa bodaboda. Jioni ile, baada ya kusikia yaliyotupata, aliketi nasi barazani, akauliza maswali ambayo ofisi ya Mwanza haikuwahi kutuuliza. Nani kati yenu ana shinikizo la damu? Nani anaogopa maji? Mnarudi lini, na mkichelewa siku moja mtaharibikiwa na nini? Kisha akaipanga safari yetu upya. Bukindo na Kagunguli kwanza, kwa kuwa ni nchi kavu. Ukara siku ya pili, alfajiri, kwa kuwa upepo ukiamka mchana ziwa hubadilika. Na tuvuke kwa kivuko cha Bugolora, tuachane na boti ya kukodi. Alimpigia mzee mmoja simu ili tusiingie kwenye maskani ya watu kama wavamizi. Alitutajia bei ya kila kitu kabla hatujaulizia. Ile njia nyingine ya kurudi bara, kupitia Lugezi, Kisorya na Bunda, alituandikia kwenye karatasi endapo meli ingeahirishwa. Kazi hiyo ilimchukua chini ya saa moja, na hakuna alichotuahidi kisha kikakosekana.

Lakini ndugu msomaji, mbele ya sheria yetu, nani halali kati ya hao wawili? Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inakataza kufanya biashara ya utalii bila leseni. Yule wa mjini anayo, tena kwenye fremu. Kijana wa Nansio hana, na siku akithubutu kubandika kibao cha "wakala wa safari" kibandani kwake, atakuwa mkosaji. Kwa miaka mingi ada za leseni hizi zilitajwa kwa dola za Marekani, na masharti ya kampuni za kutembeza wageni yakahesabu idadi ya magari. Masharti hayo yamelegezwa baadaye, lakini fikra iliyoyazaa ipo palepale. Ni fikra ya barabara ya Arusha kwenda Serengeti, ya mgeni ndani ya gari lenye paa la kufunguka. Ukerewe ni wilaya ya visiwa 38. Umahiri wa wakala wa huku haupimwi kwa magari. Unapimwa kwa kulijua ziwa, ratiba za vyombo, na heshima za wenyeji.

Nimetaja ziwa, na sina budi kusimama hapo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 100 hivi. Waliokufa pekee walizidi 220. Wale hawakuwa watalii. Walikuwa wakirudi nyumbani na unga, sukari na watoto wao. Siwataji ili kuipamba hoja yangu. Nawataja kwa sababu kwenye maji haya, kuandaa safari maana yake ni kuuliza: chombo kinabeba wangapi, leo kimepakia wangapi, maboya ya kujiokolea yako wapi, hali ya hewa inasemaje? Abiria mmoja mmoja, mwenye haraka na mzigo kichwani, hana nguvu ya kuuliza maswali hayo na kungoja majibu. Wakala anayepeleka watu 20 kila wiki anayo nguvu hiyo, kwa sababu akigeuza watu wake mwenye chombo anapata hasara. Kazi ya kuuliza kwa niaba ya wasio na sauti haiwezi kuitwa anasa. Na pale msafiri wa mapumziko anapodai usalama, hata yule wa gulio hupanda chombo kilekile.

Najua mapingamizi yatakuwepo. La kwanza ni kwamba siku hizi simu inatosha: fungua intaneti, tafuta hoteli, lipa. Jaribu kufanya hivyo kwa Nansio. Utapata picha chache, namba zisizopokelewa, na bei za zamani. Halafu ukilipa kwa simu kwa mtu usiyemjua, utakuwa umerudi palepale tulipokwama sisi, ila safari hii huna hata leseni ya kuonesha.

La pili ni la kihistoria, na ninaliheshimu zaidi. Mwaka 1970 vijana wa TANU waliibua mjadala mkali magazetini kuhusu utalii na ujamaa, mjadala ambao Issa Shivji aliuhariri na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1973. Waliuliza kama taifa linalojitegemea linaweza kuujenga uchumi wake kwa kuwahudumia wageni wenye fedha bila kuzaa moyo wa utumwa. Lilikuwa swali la haki, na bado lina makali. Lakini linamtazama mwananchi akiwa upande mmoja tu wa sinia, upande wa anayelibeba. Baada ya zaidi ya miaka 50, mimi nauliza swali la pili: ni lini mwananchi ataketi mezani? Filamu ya Royal Tour ilizinduliwa mwaka 2022 ili dunia ituone. Ni vyema. Ila mwalimu wa Geita naye ni sehemu ya dunia, na hajapata wa kumpeleka Kagunguli.

La tatu ni umaskini: wananchi hawana fedha za mapumziko. Hapa nazungumza na watumishi wa umma mnaonisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo. Mtumishi wa umma hulipiwa pia nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Fedha ipo, japo ni kidogo na mara nyingi huja kwa kuchelewa. Tunaifanyia nini? Tunakwenda kijijini kuhani misiba ya mwaka mzima, kusimamia ujenzi, kuamua kesi za mashamba, kisha tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Sibezi wajibu wa ukoo. Na mimi ninao. Ila mapumziko hayajawahi kupangwa na mtu aliyechoka, usiku mmoja kabla ya likizo, akiwa peke yake na simu yenye chaji kidogo. Yanahitaji mtu wa kuyapanga, na mtu huyo anahitaji sheria ya kumbana.

Ninayodai ni mambo matatu, na yote yanawezekana.

Kwanza, fedha ya mteja ya safari ambayo haijafanyika isihesabiwe kuwa mali ya wakala. Iwekwe kwenye akaunti ya amana au ilindwe kwa dhamana ya benki au bima, na asiye na kinga hiyo asipewe leseni. Akitoweka, mteja alipwe kwanza, kesi ifuate baadaye.

Pili, liwepo daraja la leseni la wakala wa eneo, linalotolewa kwenye halmashauri ya wilaya, kwa ada ya shilingi ambayo kijana wa Nansio anaweza kuilipa bila kuuza pikipiki yake. Sharti lake liwe ujuzi: usalama majini, huduma ya kwanza, historia ya mahali, na utunzaji wa hesabu za wateja.

Tatu, vyama vya wafanyakazi, ambavyo hukata michango yetu kila mwezi, vijadiliane na mawakala hawa bei za likizo za wanachama, kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili. Chama kinachojua kuagiza fulana za Mei Mosi kwa maelfu hakishindwi kuwapangia wanachama wake safari.

Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 mswada ulisubiri mtu wa kuubeba hadi kwa msomaji. Tulipofika Kagunguli siku ile, mwenzetu wa fasihi alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba amekuwa akifundisha kitabu kile nusu. Kilichomfikisha pale kilikuwa bodaboda isiyotambuliwa na sheria ya utalii, na huruma ya mama aliyetukopesha vyumba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Nansio walitimiza sehemu yao, hata kabla hatujawalipa. Mwisho wa mwezi tulimtumia yule mama fedha yake yote. Serikali, ambayo ilikwisha kupokea ada ya leseni ya yule aliyetutapeli, bado haijatujibu.