Zulia la Milia

Baridi ishukayo kutoka Ngorongoro mwezi wa Julai yajulikana. Si ajabu basi nyumba za Karatu kuacha mkeka wa ukindu na kutandika zulia nene la milia. Mama mmoja akaniuliza: "Maalim, mwanangu husali akihesabu milia. Nilitupe?"

La, mama. Milia si haramu. Lakini Mtume (S.A.W.) alisali na nguo yenye nakshi, ikamshughulisha, akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe ya kwake isiyo na nakshi. Wamepokea Bukhari na Muslim.

Zulia na libaki ukumbini. Penye sala patandikwe mkeka mtupu. (Msikitini ni mbali: huko milia hunyosha safu.)

Sasa naambiwa mtoto ahesabu kili za mkeka. Ana miaka sita, tumstahimilie.