Kijana akiomba saundi kadi, mzazi uliza pia habari ya masikio

Jioni ikiingia Mabogini, vyura wa kwenye majaruba ya mpunga huanza kelele zao, pikipiki zinapita, na jirani kafungulia redio. Katikati ya hayo yote kijana wa kidato cha tatu amejifungia chumbani, kajifunika blanketi hadi kichwani, anarekodi wimbo kwa simu. Akija kuusikiliza, vyura wanasikika kuliko yeye.

Kesho yake analeta ombi: “Mama, naomba uninunulie saundi kadi.” Mama anadhani ni ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha kwenye simu, anakubali haraka. Bei inapotajwa, mazungumzo yanaanza upya.

Mzazi anayekutana na ombi hili, mtoto awe wa Bongo Fleva au wa kwaya ya kanisani, huwa na maswali mawili: kitu hiki kina faida gani, na kipi kinunuliwe? Lipo swali la tatu ambalo dukani halitajwi sana: kitafanya nini kwenye masikio ya mtoto?

<b>Ni kitu gani hasa</b>

Saundi kadi ya nje, ambayo wenye studio huiita odio intafesi, ni kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Sauti inayotoka kwenye maiki ni umeme hafifu sana. Kisanduku hiki huukuza, kisha huupima mara maelfu kwa sekunde na kuugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa. Kwa ubora wa CD, kipimo hicho hufanyika mara 44,100 kila sekunde. Wakati wa kusikiliza, kazi inafanyika kinyume: namba zinarudi kuwa sauti kwenye hedifoni.

Zamani kazi hiyo ilihitaji jengo zima. Bendi za miaka ya 1970 zilirekodi kwenye tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Hata Bongo Fleva ilipoanza kushika kasi, studio zilizovuma, kama ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk, zilikuwa huko huko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi. Leo kazi inaanzia kwenye meza ya kusomea. Kwa hiyo kijana anayeomba kifaa hiki haombi kitu cha kuchezea tu. Lakini si kila kinachouzwa kwa jina hilo kitamfaa.

<b>Maswali manne kabla ya kutoa fedha</b>

<b>Wanaorekodi ni wangapi kwa wakati mmoja?</b> Anayeimba peke yake, au anayeimba huku akipiga gitaa, anatosheka na kifaa chenye tundu moja la maiki na moja la gitaa. Behringer UM2 na Focusrite Scarlett Solo ni za aina hiyo. Wakiwa wawili, kila mmoja na maiki yake, yanahitajika matundu mawili ya maiki, kama kwenye Scarlett 2i2. Kifaa chenye matundu manane kwa mtoto anayeimba peke yake ni fedha iliyolala.

<b>Maiki ni ya aina gani?</b> Maiki ya kondensa haifanyi kazi bila kupelekewa umeme wa volti 48 na kifaa chenyewe, hivyo tafuta kitufe kilichoandikwa 48V. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58, haiuhitaji. Hapa mzazi wa Mabogini awe makini. Kondensa husifiwa kwa kunasa kila kitu, na kwenye nyumba ya bati “kila kitu” ni pamoja na mvua, vyura na redio ya jirani. Dainamiki iliyosogezwa karibu na mdomo hunasa kelele za mbali kidogo zaidi. Kwa chumba kisichozuia sauti, mara nyingi ndiyo inayofaa.

<b>Kitachomekwa wapi?</b> Kama nyumbani ipo kompyuta mpakato, kazi ni rahisi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia. Kama ni simu tu, itahitajika adapta, na ziko simu zisizotoa umeme wa kutosha kuendesha kifaa. Vifaa vidogo vingi hupata umeme wake kupitia waya wa USB, na hiyo ni faida: umeme wa nyumba ukikatika, betri ya kompyuta inaendelea kukibeba.

<b>Je, anayeimba anajisikia papo hapo?</b> Sauti ikipita kwenye kompyuta kabla ya kurudi masikioni, huchelewa kidogo, na mwimbaji anakosea mapigo. Kifaa kizuri kina kitufe cha “Direct Monitor” kinachorudisha sauti moja kwa moja kwenye hedifoni. Usinunue kisicho nacho.

Kwenye maduka ya Moshi mjini na kwenye matangazo ya Kariakoo utakutana pia na V8, yenye vitufe vya vicheko na makofi. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja mtandaoni. Kwa kazi hiyo si mbaya, ila siyo kifaa kilichoelezwa hapa.

Ukienda dukani nenda na kijana, kompyuta yake na hedifoni. Kichomekwe, arekodi dakika moja, azungushe kila kitufe huku anasikiliza. Kikikwaruza, kirudi kwenye rafu. Kikiwa kizima, chukua risiti.

<b>Kitufe kisicho na onyo</b>

Sasa lile swali la tatu. Simu nyingi za kisasa hutoa onyo mtoto akipandisha sauti kupita kiasi kwenye hedifoni. Saundi kadi haina onyo hilo. Ina kitufe cha kuzungusha tu, na nyingi zina nguvu ya kusukuma hedifoni kuliko simu. Mtoto anayerekodi anarudia ubeti uleule mara thelathini, na kila masikio yanapochoka anaongeza kidogo. Saa tatu zinapita hivyo.

Ndani ya sikio, kwenye sehemu yenye umbo la konokono, kila sikio lina takriban seli 15,000 zenye vinywele vidogo vinavyopokea sauti. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa namna isiyo salama. Kiwango linachokishauri kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sauti ikipanda, muda unapungua haraka sana. Kwa desibeli 90 muda salama ni saa nne kwa wiki. Kwa desibeli 100 ni dakika 20, tena kwa wiki nzima.

Nyumbani huna mashine ya kupima desibeli, ila mambo haya yanawezekana bila gharama kubwa:

• Nunua hedifoni zinazofunika sikio lote. Zinazuia kelele za nje, hivyo hana sababu ya kupandisha sauti. Pia biti haivuji ikaingia kwenye maiki.

• Kitufe cha hedifoni kirudishwe sifuri kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote, na kabla ya kuwasha zile volti 48. Mlipuko wa sauti unaotokea hapo unaingia sikioni moja kwa moja.

• Maiki ikiwa wazi, spika zizimwe. Ule mluzi mkali unaotokea unaumiza sikio.

• Kitufe kisivuke kiasi cha kutosha kusikia biti na sauti yake. Chora alama kwa kalamu mahali mlipokubaliana.

• Kila baada ya muda avue hedifoni, atoke nje, masikio yapumzike.

• Asirekodi hadi usiku wa manane kwa kusubiri vyura wanyamaze. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Alfajiri ya Jumamosi pia kuna utulivu.

<b>Dalili za kuangalia</b>

Mtoto akilalamika kuwa masikio yanavuma au yana mlio hata kukiwa kimya, akiomba mrudierudie maneno, au akipandisha sauti ya televisheni kuliko zamani, asiambiwe ni kiburi. Apumzike kurekodi na apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, watampa rufaa kwenda kwa madaktari wa masikio, pua na koo, ambao kwa Kanda ya Kaskazini wapo KCMC, Moshi. Asiwekewe mafuta wala maji ya majani sikioni.

Lipo jaribio moja ambalo kila mzazi anaweza kulifanya. Akiwa anasikiliza kwa hedifoni, simama hatua moja kutoka alipo na umwite kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, huenda sauti imezidi.

Na siku akimaliza wimbo wake wa kwanza, mwombe akusikilizishe kwa hedifoni zilezile, kitufe kikiwa palepale anapokiweka yeye. Ukishtuka na kuzivua, msifie wimbo kwanza. Kisha kaeni wote wawili, mkishushe hicho kitufe pamoja.