Alichosimulia baba, na alichonyamazia

Watoto wa Aberdeen, mji wa bandari katika pwani ya mashariki ya Uskoti, wamekua na mlio wa helikopta kama watoto wa Kigamboni walivyokua na honi ya pantoni. Mafuta yalipogunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini, eneo la Forties mwaka 1970 na Brent mwaka 1971, helikopta ikawa ndiyo daladala ya wafanyakazi. Hakuna barabara ya kwenda kwenye mtambo uliosimama majini karibu kilomita 180 kutoka nchi kavu, na safari ya meli kwenye mawimbi yale ni mateso. Baba aliondoka alfajiri na begi moja, akakaa wiki mbili huko, kisha akarudi kukaa wiki mbili nyumbani.

Marubani waliowapeleka na kuwarudisha, na mafundi waliozihudumia helikopta hizo, leo wengi wao ni wazee wenye wajukuu. Anayetaka kuwaona wakichangamka awaulize habari za Sumburgh. Hapo chai itapoa kikombeni.

Sumburgh ni uwanja wa ndege kwenye ncha ya kusini ya visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti. Mwezi Juni usiku wa huko haukolei giza, na Desemba jua huonekana kwa saa zisizofika 6. Barabara ya magari inakatiza njia ya kurukia ndege, hivyo ndege ikikaribia magari husimamishwa yakangoja ipite. Wajukuu hupenda sana kipande hicho. Hupenda pia majina ya visima, kwa kuwa kampuni iliyovimiliki ilivipa vingi majina ya ndege wa majini: Brent ni aina ya bata bukini, Cormorant ni mnandi, na wengine Dunlin, Eider, Fulmar, Gannet. Babu akiyataja kwa mfuatano, mtu anaweza kudhani anasomesha shule ya chekechea.

Kisha huja helikopta yenyewe. Iliyopendwa kuliko zote ni Sikorsky S-61N, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962 huko Marekani. Tumbo lake lilitengenezwa kama mashua ili ikilazimika kutua majini iweze kuelea kwa muda. Ilikuwa na injini mbili, mapanga matano juu, na nafasi ya abiria zaidi ya 20. Ndani ilikuwa na kelele na mtikisiko, na harufu ya mafuta ya ndege ilishika kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Wake za mafundi waliijua harufu hiyo kabla mlango haujafunguliwa.

Kazi ya fundi ilianza rubani alipomaliza ya kwake. Chumvi ya bahari huingia kwenye injini na kuganda juu ya visu vidogo vinavyosukuma hewa, kwa hiyo baada ya safari za siku injini ilioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hilo lilifanyika usiku, mara nyingi nje, katika upepo ambao mtu akiachia kofia haioni tena. Mapanga nayo yalikaguliwa moja moja. Nguzo ya ndani ya kila panga la S-61N ilikuwa na uwazi uliojazwa gesi ya naitrojeni, na kidude kidogo kilionyesha kama gesi imepungua. Ikipungua, huenda kuna ufa ambao jicho halijauona.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo wazee huisimulia kwa mikono yote miwili. Mapanga matano yanatakiwa kupita kwenye njia moja hewani; moja likipanda au kushuka kuliko wenzake, helikopta nzima hutetemeka. Kabla ya vifaa vya kisasa, ncha ya kila panga ilipakwa chaki ya rangi yake. Helikopta ikiwa chini, mapanga yanazunguka zaidi ya mara 3 kwa sekunde, fundi alisogea na mlingoti wenye kitambaa, akausogeza polepole mpaka ncha zikagusa kitambaa tu, basi akarudi nyuma. Alama za chaki zilisema panga lipi liko juu na lipi chini. Zikikaa mahali pamoja, kazi imekwisha. Zisipokaa, injini izimwe, fundi apande juu akarekebishe, kisha aanze upya. Ni kazi ya mtu mwenye mkono usiotetemeka na mwenye imani kubwa na rubani aliyeko ndani.

Hadithi hizo ni za kweli na ni tamu, na mzee ana haki ya kuzisimulia. Lakini kwenye nyumba nyingi za watu hawa kuna sehemu ambayo haikusimuliwa mezani.

Tarehe 6 Novemba 1986, helikopta kubwa aina ya Chinook ilikuwa ikirudi Sumburgh kutoka Brent ikiwa na watu 47. Ilikuwa imebakiza kama kilomita 4 kufika. Gia moja kwenye giaboksi ya mbele ilivunjika kwa uchovu wa chuma, seti mbili za mapanga zikapotezana mwendo na kugongana. Wakafa watu 45. Wawili waliokolewa. Chinook haikuendelea tena kubeba wafanyakazi wa mafuta katika bahari hiyo.

Mtoto wa miaka 8 wakati huo alijua tu kwamba baba alikuja nyumbani akawa haongei. Kwa fundi, ajali kama ile haikuwa habari ya redioni. Kila helikopta huondoka na daftari lenye sahihi ya fundi aliyethibitisha kuwa iko salama. Mafundi wote wa uwanja, hata wasioigusa Chinook kabisa, usiku ule walirudi kichwani kwenye sahihi zao wenyewe: ile nati niliikaza? Kile kifuniko nilikirudisha? Baba anaweza kuwa ameketi kwenye kochi na watoto wanacheza miguuni pake, lakini yeye yuko juu ya ngazi kwenye upepo wa Sumburgh, anakagua upya.

Zipo pia siku zilizokwenda vizuri. Tarehe 19 Januari 1995 radi ilipiga helikopta aina ya Super Puma ikiwa njiani kuelekea mtamboni na watu 18. Panga la mkiani liliharibika. Rubani aliishusha juu ya bahari iliyochafuka, ikaelea, na wote 18 wakaingia kwenye boya la mpira na kuokolewa. Hii husimuliwa mezani bila kuombwa. Mzee huongeza kuwa kila abiria hufundishwa kwenye bwawa kabla ya kwenda baharini: huingizwa ndani ya kibanda mfano wa helikopta, kikazamishwa na kupinduliwa juu chini, naye hana budi kushika ukingo wa dirisha, kungoja maji yatulie, kisha kujitoa.

Ya Aprili 2009 wengi huipita haraka. Giaboksi ya Super Puma nyingine ilivunjika angani ikirudi Aberdeen, na watu wote 16 wakafa. Ndani ya giaboksi za namna hii huwekwa sumaku ndogo inayonasa punje za chuma zinazomomonyoka kutoka kwenye gia, ili fundi azisome kama mganga anavyosoma makohozi. Wachunguzi walieleza kwamba tarehe 25 Machi, siku 7 kabla ya ajali, punje moja ilikuwa imenaswa. Iliangaliwa, hatua kadhaa zikachukuliwa, lakini ufa uliokuwa unakua ndani haukugunduliwa. Mstaafu aliyewahi kuifuta sumaku ya namna hiyo mara elfu hahitaji kuelezwa zaidi. Punje ile angeweza kuishika yeye.

Huenda ndiyo sababu mazungumzo ya nyumbani hubaki kwenye majina ya ndege na barabara inayofungwa. Mama naye alikuwa na ukimya wake. Alijifunza kusikiliza taarifa ya habari kabla watoto hawajaamka. Ukungu ulipotanda Sumburgh na baba akakwama siku ya kuzaliwa ya mtoto, aliwaambia watoto ni hali ya hewa tu, na ilikuwa kweli, ila yeye mwenyewe hakutulia mpaka gari lilipoingia uani. Wapo watoto walioukasirikia ukungu ule mpaka wakawa watu wazima, wakimdai baba keki aliyokosa kukata.

Familia za Mtwara zimeonja kidogo maisha haya, tangu uchimbaji wa kutafuta gesi kwenye kina kirefu ulipoanza mwaka 2010 na watu kuanza kupelekwa zamu baharini. Za Geita zinayajua kwa upande wa mgodi, na za madereva wa malori ya masafa kwa upande wao. Mzazi hurudi na zawadi na vichekesho vya njiani. Yale mengine huyaacha getini, kwa nia njema, na mtoto hukua akidhani kazi ile ilikuwa matembezi.

Wastaafu wa helikopta huacha alama moja inayowasaliti. Ni sanduku la zana. Ndani yake kila spana ina kitanda chake, umbo lake limekatwa kwenye sponji ili ikikosekana pengo lionekane mara moja. Kazini zana zilihesabiwa mwanzo na mwisho wa kazi, na spana moja ikipotea helikopta hairuki mpaka ipatikane, hata kama abiria wameshavaa majaketi na wamepanga foleni. Mjukuu akiazima namba 10 kukaza kiti cha baiskeli na kuiacha kwenye nyasi, babu atatoka nje usiku na tochi, na viatu vya ndani, bila kugombeza mtu, apekue nyasi mpaka aione.

Mjukuu mdadisi atamfuata na kuuliza, "Kwani babu, isipopatikana inakuwaje?" Wengi hujibu kwa utani kuwa babu ni mzee wa vitu vyake, wakarudi kulala. Wachache huifuta spana kwa kiganja, wakaketi ngazini na mtoto pembeni, wakaanza na Novemba 1986.