Maji nayo yana kipimo chake

Tunaendelea na mada yetu ya mtoto anayeharisha. Mara iliyopita tuliongelea dalili za kupungukiwa maji. Leo nataka niseme kitu ambacho kinanikera, na nitakisema kwa kirefu, kwa hiyo kama unapika, zima jiko kwanza.

Tunawapa watu dawa ya unga, halafu tunawaambia "kachanganye na maji". Maji kiasi gani? Kwenye chombo gani? Hapo kila mtu anajijua mwenyewe. Mimi naona hiyo siyo kutoa dawa. Ni kutoa nusu ya dawa. Nusu nyingine ni maji, na maji yale yana kipimo kama unga ulivyo na kipimo.

Chukua pakiti ya ORS ya lita moja. Ndani yake kuna gramu 20.5 za unga. Humo glukosi ni gramu 13.5, chumvi ile ile ya jikoni gramu 2.6 tu, na zilizobaki ni chumvi nyingine mbili, moja inaleta potasiamu na nyingine ni sitreti. Hivyo viwango havikuokotwa. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na chumvi gramu 3.5 na glukosi gramu 20, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaupunguza makali, kwa sababu ilionekana watoto wanafanya vizuri zaidi na mchanganyiko mwepesi: wanatapika kidogo, na wachache zaidi wanahitaji dripu. Yaani watu wazima, wataalamu, wamekaa wakabishana juu ya chini ya gramu moja ya chumvi kwenye lita ya maji. Halafu sisi tunafika nyumbani tunamimina pakiti nzima kwenye glasi.

Najua kwa nini inatokea. Unaweka unga kwenye glasi, unakoroga, unayeyuka wote. Maji yanakuwa safi, hakuna kilichobaki chini. Unaona: imekubali. Jamani, jicho linadanganya hapo. Kuyeyuka kunakuambia tu kwamba maji bado yana nafasi ya kubeba. Hakukuambii kwamba kipimo ni sahihi. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kuyeyusha chumvi ya jikoni zaidi ya gramu 350, na bado ukaiangalia ukaiona ni maji tu. Kwa sukari ndiyo usiseme. Ile sukari unayoiona imelala chini ya kikombe cha chai, mara nyingi haijakorogwa tu; chai ya moto ingeweza kubeba nyingi sana kuliko hiyo. Kwa hiyo ukisubiri maji yakuonyeshe kwamba umezidisha, utasubiri sana, na mtoto atakuwa ameshakunywa.

Sasa tupige hesabu ndogo. Pakiti ya lita moja ukiiweka kwenye glasi ya mililita 250, umepata dawa yenye ukali mara nne. ORS iliyochanganywa sawasawa ina sodiamu karibu nusu ya ile iliyomo kwenye damu ya mtoto. Ya kwenye glasi inakuwa na sodiamu mara mbili ya damu yake. Unga ni ule ule, pakiti ni ile ile. Kilichobadilika ni maji tu.

Ikiingia tumboni inafanya nini? Wewe unajua tayari, kwa sababu unatengeneza kachumbari. Ukikata vitunguu ukavinyunyizia chumvi, baada ya dakika chache bakuli lina maji. Hukuyaweka wewe, yametoka kwenye vitunguu. Palipo na chumvi au sukari nyingi, maji hukimbilia huko. Utumbo wa mtoto ni hivyo hivyo. Ukimnywesha kitu kikali kuliko damu yake, maji yanatoka mwilini yanaingia kwenye utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Mama anaona dawa haifanyi kazi, anamwongezea glasi nyingine.

Wodini tumewahi kumpokea mtoto wa namna hiyo. Mama yake alikuwa amefanya kila alichoambiwa: alipewa pakiti mahali fulani, akaambiwa akachanganye, akachanganya kwa kikombe cha chai, akamnywesha kwa bidii siku nzima mpaka usiku. Mtoto alifika na kiu isiyoisha, analialia kwa sauti nyembamba, baadaye akapata degedege. Sodiamu ya damu ilikuwa juu sana. Na ikishakuwa juu hivyo huwezi kuishusha kwa pupa, maana ukimjaza maji haraka ubongo unavimba. Unaishusha polepole, saa kwa saa, siku mbili au zaidi, unapima, unasubiri, unapima tena. Mtoto alipona. Lakini nilimsikia mtu akisema pale kwenye meza yetu, "Hawa kina mama hawasomi maelekezo." Hapo ndipo tunapotofautiana.

Maelekezo yapo wapi? Yapo mgongoni mwa pakiti, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza. Na pakiti hazifanani. Zipo za lita moja, zipo za nusu lita, na zipo za mililita 200. Mwezi huu umepewa hii, mwezi ujao dirisha la dawa linakupa ile. Mama aliyezoea ya lita moja akipewa ya nusu lita, akaiweka kwenye lita moja kama siku zote, dawa inakuwa nyepesi mara mbili. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, lakini chumvi aliyoipoteza hairudi inavyotakiwa. Hiyo nayo ina hatari yake, tena hata sodiamu ikishuka sana huleta degedege vilevile. Huyo mama kakosea nini? Alikariri alichofundishwa.

Na wala siamini kwamba watu wa kawaida hawawezi hili jambo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani India na kipindupindu kikawavamia. Kwenye kambi ya Bongaon dripu hazikutosha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kutumia chumvi na glukosi za kunywa. Unga ulipimwa kabisa kwenye mifuko, ukachanganywa kwenye mapipa yanayojulikana ujazo wake, na ndugu wa wagonjwa ndio waliokuwa wakichota kwa vikombe na kuwanywesha watu wao. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Wale ndugu hawakuwa manesi. Walipewa tu kitu ambacho kipimo chake hakina ubishi.

Hicho ndicho nakidai. Pakiti inapotoka, itoke na chombo, au angalau itoke na maneno haya: "Una chupa gani nyumbani?" Dakika moja tu. Mama akisema ana chupa ya maji ya dukani, mwambie aangalie ilivyoandikwa, kwa sababu chupa nyingi ndogo tunazoziita nusu lita ni mililita 600, na kubwa nyingi ni lita moja na nusu, siyo lita moja. Ukiwa na chupa iliyoandikwa lita moja, ioshe vizuri, itunze, iwe ndiyo kipimo cha nyumba. Usiitupe. Na wenzangu wa dirishani, foleni naijua, nimeikalia. Lakini kama muda haupo wa kusema neno moja kuhusu maji, basi muda wa kumpokea yule mtoto wodini tutautoa wapi?

Kuna wanaogawa pakiti nusu kwa nusu, eti lita nzima ni nyingi, mtoto hataimaliza. Kihesabu nusu pakiti kwa nusu lita inaonekana sawa. Ila ule unga ni mchanganyiko wa vitu vinne, na ndani ya pakiti havijajipanga sawasawa. Nusu ya juu inaweza kuwa na chumvi zaidi, nusu ya chini glukosi zaidi. Vikishayeyuka kwenye maji ndipo kila kijiko kinafanana na kingine. Kwa hiyo changanya yote, ifunike, na ikifika saa 24 imwage, changanya nyingine. Najua kumwaga kunauma. Mwaga tu.

Wengine wanaongeza sukari, au wanachanganya na soda ili mtoto akubali ladha. Soda ina sukari karibu gramu 10 kwa kila mililita 100. ORS ina 1.35. Unakumbuka kachumbari? Sukari nayo inavuta maji. Glukosi kidogo iliyowekwa pale siyo ya kumfurahisha mtoto, kazi yake ni kuishika mkono sodiamu zivuke pamoja ukuta wa utumbo, na maji yafuate nyuma. Ikizidi, inageuka kuwa mzigo. Kama mtoto anakataa, mpe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika 10, anza tena taratibu zaidi. Chini ya miaka miwili anahitaji mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, zaidi ya hapo 100 hadi 200. Na onja wewe kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, usimpe. Anayenyonya aendelee kunyonya, na zinki mmalizie siku zote ulizoandikiwa hata kama kuharisha kumekata.

Pakiti ikikosekana kabisa usiku, watu hutengeneza ya nyumbani: vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, kwenye lita moja ya maji safi. Naitaja kwa sababu mtaniuliza. Siipendi sana, maana akichoka mtu akabadilisha chumvi na sukari tumekwisha. Weka pakiti mbili ndani ya nyumba, bei yake siyo ya kutisha.

Niingie kwenye maziwa ya kopo kidogo, kwa wale ambao watoto wao wanayatumia kwa sababu zao, na sihukumu mtu. Kopo ni ghali, najua. Ndiyo maana kuna mtu anapunguza kijiko kimoja ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto anashiba maji, uzito hauendi. Mwingine anaongeza kijiko ili alale usiku, na figo za mtoto mchanga haziwezi mzigo huo. Kama kopo halifiki mwisho wa mwezi, njoo useme kliniki, hilo ni jambo la kuzungumza, usilimalize kwa maji. Na maji yatangulie kwenye chupa, ndipo unga. Ukianza na unga ukajaza maji hadi alama ya 120, maji hayajafika 120, unga umeshachukua nafasi yake. Kijiko tumia cha kopo hilo hilo, maana cha kampuni hii siyo sawa na cha ile.

Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa: chupa ya antibayotiki ya unga iko kinyume. Pale huweki mililita 100 za maji. Unatikisa unga ulegee, unatia maji ya kunywa yaliyopoa kama nusu, unatikisa, unaacha povu litulie, halafu unajazia hadi kwenye mstari. Unga na maji kwa pamoja ndiyo vinafika pale. Na dawa kama amoksisilini haiyeyuki yote kama sukari, inaelea tu na kutuama chini. Usipotikisa kila mara, siku za mwanzo mtoto anakunywa dawa nyepesi, na za mwisho anakunywa kali. Mama anayesema dawa ilianza kufanya kazi siku ya nne, mimi huwa nauliza kwanza kuhusu kutikisa.

Na kuna swali lililoulizwa mara tatu wiki hii: parasetamoli ya matone na ya sirapu, je, ni sawa? Dawa ni ile ile, ukali siyo ule ule. Sirapu nyingi zina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Matone mengi yana miligramu 100 ndani ya mililita moja tu. Ukimpimia matone kwa kijiko cha sirapu, umempa zaidi ya mara nne, na anayeumia hapo ni ini. Chupa ndogo haina maana dawa ni laini. Soma kile kimstari chenye "mg" na "ml", na kama hukielewi mrudishie aliyekupa akusomee, usione aibu.

Mtoto akiwa na macho yaliyodidimia, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu, acha kusoma hapa, nenda hospitali. ORS endelea kumpa njiani.

Kesho tutaongelea zinki, kwa nini siku 10 hadi 14 na siyo mbili. Leo jioni kila mtu anipe jibu la swali hili: chupa uliyonayo jikoni sasa hivi imeandikwa mililita ngapi? Usikisie. Nenda kaiangalie.