Tumesema hapana kwa bunduki. Ndiyo yetu iko wapi?

Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa kwaya alinifuata nilipokuwa nikifunga mlango wa kanisa hapa Kambove. Rafiki zake wawili walikuwa wamejiandikisha jeshini wiki ile. Akaniuliza bila kuzunguka: "Pasta, watu wanakufa kule Goma na Bukavu. Wenzetu wanakwenda. Sisi Wamennonite tunasema hatushiki silaha. Sasa sisi ni watu wa amani, ao ni watu wa woga?"

Nilimjibu kwa Mathayo sura ya 5, kama sisi wachungaji tulivyozoea. Alisikiliza kwa heshima, akanishukuru, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba nilikuwa nimesema mambo ya kweli, lakini swali lake sikulijibu.

Ndugu msomaji, swali hili si la kijana mmoja. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wa nchi hii wajiunge na jeshi na waunde vikundi vya kulinda mitaa yao mbele ya vita vya M23. Maelfu walijitokeza katika miji mingi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Kambove iko mbali sana na Kivu. Hapa kwetu hatusikii mizinga. Tunasikia malori ya madini. Lakini kila simu ina picha za wakimbizi, na kijana mwenye damu ya moto hawezi kuziangalia na kukaa kimya. Mwezi ule wa Februari wakubwa wa makanisa yetu, Mchungaji André Bokundoa wa ECC na Padri Donatien Nshole wa CENCO, walikwenda Goma kuzungumza na waasi, baada ya kuonana na Rais. Wengine waliwalaumu vikali. Mimi niliwaombea, maana kuzungumza na mtu ambaye kila mmoja anataka umchukie ni kazi nzito kuliko inavyoonekana.

Hata hivyo, kijana wa Kambove hakuulizwa aende kuzungumza na M23. Yeye anataka kujua atafanya nini Jumatatu asubuhi.

Katika shule ya theolojia tulifundishwa vizuri tarehe za Ulaya. Ubatizo wa Zurich, 21 Januari 1525. Menno Simons akiacha upadri, mwaka 1536. Dirk Willems akirudi juu ya barafu kumwokoa askari aliyekuwa akimfukuza, kisha akachomwa moto, mwaka 1569. (Darasani tulikuwa tukicheka kidogo: mtoto wa Katanga atalijulia wapi ziwa la barafu?) Mwaka 2025 Wamennonite wa dunia nzima walisherehekea miaka 500 ya mwanzo ule, na mkutano mkubwa ulifanyika kule kule Zurich mwezi wa Mei. Ni vizuri. Lakini kuna historia nyingine iliyo karibu zaidi nasi, ambayo sikufundishwa sana, na naona hiyo ndiyo inayomfaa kijana wangu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya Marekani iliruhusu vijana waliokataa jeshi kwa sababu ya imani watumikie kwa njia ya kiraia. Mwaka 1951 shirika la MCC, lile lililoanzishwa mwaka 1920 kulisha wenye njaa kusini mwa Urusi, lilianzisha mpango ulioitwa Pax. Vijana wale walitumwa kwanza Ujerumani kuwajengea wakimbizi nyumba, kisha nchi nyingine, Kongo ikiwemo. Kuanzia mwaka 1962 MCC ikatuma pia walimu Afrika, na baadhi yao walifundisha katika shule za sekondari hapa nchini, wakati uhuru ulipokuwa umetuachia madarasa bila walimu. Ukitazama vizuri, kijana wa Pax hakusema "hapana" tu kwa serikali yake. Alisema hapana, halafu akatoa miaka miwili au mitatu ya ujana wake, bila mshahara wa maana, mbali na mama yake. Hapo neno "woga" linakosa mahali pa kukaa.

Sisi tumerithi ile hapana. Mpango wa ndiyo hatukuurithi, na wala hatukujitengenezea wa kwetu. Upo mpango wa YAMEN, ambao MCC na Mkutano wa Wamennonite Duniani wanautumia kupeleka vijana nchi nyingine kwa mwaka mmoja wa utumishi. Ninausifu. Lakini nafasi ni chache, na Kongo ni moja ya nchi zenye Wamennonite wengi kuliko zote, zaidi ya 200,000. Waliobaki tumewapa nini? Kwaya, protokole mlangoni, na kufagia uwanja kabla ya sherehe. Halafu tunashangaa wakituaga.

Kuna jambo lingine, na hapa nitasema kama mtoto wa nyumba.

Kanisa letu lilitoka Kasai. Wamisionari wa Congo Inland Mission walianza Djoko Punda mwaka 1912. Huku Katanga Wamennonite wengi walifika pamoja na jamaa zao waliokuja kutafuta kazi ya migodi na reli, nasi tukaendelea kuimba kwa Tshiluba na kuzikana sisi kwa sisi. Ndiyo maana mtu wa hapa akipita mbele ya kanisa letu husema, "Hilo ni kanisa la Wakasai." Tunakasirika. Lakini je, amesema uongo?

Tena tukumbuke kwamba jina la Mennonite halikutukinga. Mwaka 1959 na 1960 Walulua na Waluba walipopigana, Wakristo wa kanisa moja walijikuta pande mbili. Waluba walikimbilia Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi, na kule njaa iliua wengi. Wamennonite wakimbizi walianza makutaniko yao wenyewe, na kutoka hapo likazaliwa kanisa ambalo leo linaitwa Communauté Évangélique Mennonite, kando ya lile la Tshikapa. Uhusiano ulipona pole pole, kwa miaka mingi. Tunapomweleza kijana habari za amani, tumweleze na hiyo. Asidhani amani ni tabia tuliyozaliwa nayo.

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi mwaka 1992, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kutupa jina la wadudu, bilulu. Tulilala nje ya stesheni ya Likasi pamoja na maelfu ya wengine tukingoja treni isiyokuja. Nakumbuka watoto wakihara na mvua ikinyesha juu ya magodoro. Nakumbuka pia mama mmoja jirani yetu wa zamani, mtu wa Katanga kabisa, aliyekuja jioni na sufuria ya bukari na sombe imefungwa katika kitenge. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuwa na alama usoni, na mama yangu alimwomba asirudi tena. Hakuwa Mmennonite. Sijui alisali wapi. Miaka yote ya theolojia sijapata somo la Luka sura ya 10 lililo wazi kuliko lile.

Familia yangu ilirudi baadaye. Wengine hawakurudi, na wengine walikufa njiani.

Nayaeleza haya kwa sababu treni bado zinakuja. Miaka hii vijana wengi wa Kasai wanashuka tena Katanga, wakikimbia njaa, na tangu 2016 wengi wao wakikimbia pia makovu ya vita vya Kamuina Nsapu. Wengine husafiri juu ya mabehewa ya mizigo. Mwezi wa Machi 2022 treni ya namna hiyo ilianguka katika teritwari ya Lubudi na kuua watu zaidi ya 60. Wanaofika salama wanatafuta kuchimba, kubeba mizigo, kuendesha pikipiki. Na mwenyeji wa hapa, ambaye baba yake alipoteza kazi Gécamines mwaka 2003 pamoja na zaidi ya watu 10,000 wengine, anaangalia na kuhesabu. Serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje kuanzia Februari 2025, wachimbaji wa mikono walibanwa zaidi, na midomo ikawa mikali sokoni. Maneno ya 1992 sijayasikia tena hadharani. Nimeyasikia kwa sauti ya chini, pande zote mbili.

Kwa hiyo, kijana wangu, mstari wako wa mbele hauko Rutshuru. Uko hapa, kati ya avenyu yako na avenyu ya pili.

Mwaka uliopita vijana wetu walijaribu. Kipindupindu kilikuwa kimerudi katika jimbo letu, nao wakaamua kusafisha mifereji kabla ya mvua kubwa na kugawa klori ya kutia katika maji ya kunywa. Nilifurahi sana, nikawasifu mimbarani. Kisha shefu wa kartie akanijia taratibu. "Pasta, kazi ni nzuri. Lakini mmesafisha avenyu zenu. Klori imefika kwa watu wenu. Watu wanauliza kama kipindupindu cha watu wengine si kipindupindu." Nilitaka kujitetea. Vijana hawakukusudia ubaya wowote. Walianza kwa watu waliowajua. Lakini mtaa ulisoma alama ile kama ulivyokuwa umezoea kusoma.

Tulikaa nao jioni mbili. Ubishi ulikuwa mwingi. Mmoja alisema, na sikuwa na haki ya kumkemea: "Pasta, wale ndio walimfukuza babu yangu. Niwachimbie mfereji?" Msichana mmoja akamjibu kwamba wengi wa avenyu ile hawakuwa wamezaliwa mwaka 1992. Tulisoma barua ya Yeremia kwa wahamishwa wa Babeli, sura ya 29, pale wanapoambiwa wautafutie amani mji ambao hawakuuchagua. Haukuwa mji wa ndugu zao, ulikuwa mji wa watu waliowateka. Mwishoni walikwenda kumi na mmoja kati ya ishirini. Waliomba kwanza ruhusa kwa shefu, wakaenda na vijana Wakatoliki na Wamethodisti wa mtaa ule, na majembe yalikuwa ya wenyeji. Jambo hili la majembe ninalitaja makusudi. Ukija na kila kitu chako, unamsaidia mtu. Ukiomba jembe lake, mnafanya kazi pamoja.

Michael Sharp alilijua hilo. Alikuwa Mmarekani, Mmennonite, na kuanzia 2012 hadi 2015 alifanya kazi Bukavu na MCC katika mpango wa amani wa ECC. Pamoja na wachungaji Wakongomani alikwenda kwa miguu porini kukaa na wapiganaji wa FDLR, bila silaha, akisikiliza kwanza. Mamia walikubali kuacha msitu na kurudi kwao Rwanda. Baadaye akawa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 12 Machi 2017 aliuawa Kasai pamoja na mwenzake Zaida Catalán. Alikuwa na miaka 34. Dunia ilimlilia, na ilistahili. Lakini wale wachungaji Wakongomani waliotembea naye wako wapi katika magazeti? Na zile familia za Kikwit na Tshikapa, zenyewe maskini, zilizofungulia wakimbizi milango mwaka ule ule? Utumishi mwingi hauna picha.

Sasa neno kwa wazee wenzangu, maana kosa kubwa naliona upande wetu. Tunawahubiria vijana utumishi lakini hatuwapi funguo. Sanduku la kanisa linaweza kununua viti vipya vya plastiki kabla ya kununua ndoo na klori. Kijana anayetaka kutoa mwaka mmoja kwa Mungu anaulizwa kama ana mchumba, ana kazi, atakula wapi. Ni maswali ya haki, na majibu yake ni kazi yetu sisi. Napendekeza hivi: kila parokia ya Likasi na Kambove ichukue kijana mmoja au wawili kwa miezi kumi. Mmoja alale katika familia ya Lubumbashi, wa kule alale kwetu. Familia ya Kikasai ipokee mtoto wa Katanga, na kinyume chake. Wafundishe watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada, wapeleke wagonjwa hospitali, waende stesheni treni ikifika. Unga wa mfuko mmoja kwa mwezi hautatushinda. Harusi zetu zinakula mifuko mingi zaidi.

Si kila kijana atakubali. Wale rafiki wawili wa kwaya wako kambini sasa, na tunawaombea kwa majina kila Jumapili. Sitaki kijana wetu yeyote ajifunze kuwadharau.

Yule aliyeniuliza mlangoni alikuwa kati ya wale kumi na mmoja. Sijamjibu swali lake bado, naye hajaliuliza tena. Juzi alikuja kuomba barua ya kanisa kwa shefu wa kartie: mfereji wa nyuma ya soko umeziba, na wanataka kuanza Jumamosi saa moja asubuhi. Majembe wanayo matano. Wanatafuta mengine.