Filamu Haifungiwi Sandukuni

Majuma mawili yaliyopita alinijia nyumbani mama mmoja jirani yetu, mjane wa mfanyakazi mstaafu wa reli, akiwa ameshika bahasha ya kaki. Alikataa chai, akakataa hata kiti, kisha akaitoa bahasha ile na kumwaga picha juu ya meza yangu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu niambie, hizi ni picha au ni maji ya bahari?"

Niliziangalia. Zilikuwa picha za harusi ya binti yake mkubwa, iliyofungwa mwaka 2008. Rangi zilikuwa zimefifia, jambo ambalo mtu angelitarajia. Lakini juu ya kila picha palikuwa na mkanda wa ukungu, upana wake kama kidole, ukipanda na kushuka kama wimbi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika picha moja marehemu mumewe ameketi juu ya kiti cha kukodi, amevaa kanzu na koti, na wimbi lile limempitia usoni sawasawa.

Marehemu, ambaye sisi sote wa mtaani tulimfahamu kwa kamera yake, alikuwa ndiye mpiga picha wa shughuli zote za ukoo. Na kama wajuavyo wenye kamera, mpiga picha haonekani katika picha zake. Siku ile ya harusi binti mdogo alimpokonya kamera kwa mzaha, akampiga yeye. Baadaye chombo kile kikakwama kabla filamu haijaisha, kikatiwa kabatini, na huko kikakaa hadi mzee alipofariki mwaka jana. Kijana wake afanyaye kazi Uingereza alikuja kwa arobaini, akaifungua kamera kwa uangalifu, akairudisha filamu mkebeni, akasema atakwenda kuisafishia huko kwa mafundi. Kwa kuwa aliithamini, hakutaka kuiacha mkobani ambamo ingeweza kudondoka. Aliiviringisha ndani ya soksi, soksi akaitia katikati ya sanduku kubwa, sanduku akalipiga kufuli na kulikabidhi kaunta.

Hapo ndipo ilipoharibikia. Fundi aliyeisafisha alimweleza kijana kwamba joto na umri viliiharibu rangi, bali mawimbi yale hayakutokana na umri. Ukungu wa uzee hutanda filamu nzima. Mkanda unaokwenda kwa mawimbi, tena unaovuka hata ule mwanya mtupu kati ya picha na picha, ni alama ya mtambo wa kukagulia mizigo iingiayo tumboni mwa ndege.

Nimeona niliandike jambo hili juma hili kwa sababu wako wengi wanaodhani filamu imekwisha kufa na kuzikwa. Haijafa. Vijana wanaitafuta tena, maarusi wanatembeza zile kamera zinazotoa picha papo hapo, na katika makabati ya wazee wetu imo mikebe mingi ambayo haijawahi kusafishwa. Mtoto wa kaka yangu alininunulia filamu tatu mwaka jana kwa bei ambayo sitaitaja hapa, maana mke wangu naye husoma ukurasa huu.

Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini yenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo huacha alama isiyoonekana, na dawa za kusafishia ndizo huidhihirisha. Sasa, chembe hizo hazichagui. Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei huko Ujerumani mwaka 1895, alitumia bamba la picha kuonyesha mifupa ya mkono wa mkewe, pete ikiwa kidoleni. Miezi michache baadaye, mwaka 1896, Henri Becquerel wa Paris aliweka bamba la picha lililofunikwa vizuri ndani ya saraka pamoja na chumvi ya urani. Alipolisafisha akalikuta limekwisha kuchorwa gizani, bila jua. Basi ni asili ya filamu kuona yale yasiyoonwa na jicho, na kifuniko cha mkebe hakiizuii miale hiyo.

Zamani msafiri hakuwa na sababu ya kuyafikiria haya. Utekaji nyara wa ndege ulipozidi, Marekani iliamuru kwamba kuanzia Januari 5, 1973, abiria wote na mikoba yao ya mkononi wakaguliwe, na mitambo ya eksirei ikaenea. Wapiga picha walilalamika, lakini miale ya mitambo hiyo ilikuja kupunguzwa nguvu, na filamu ya kawaida ikawa yapita salama. Ndipo Desemba 21, 1988 ndege ya Pan Am ilipolipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270, kumi na mmoja kati yao wakiwa majumbani mwao chini. Bomu lilikuwa ndani ya redio, redio ndani ya sanduku, sanduku tumboni mwa ndege. Tangu hapo macho yote yakageukia masanduku, na mwaka 1994 Marekani ikaidhinisha mtambo uitwao CTX 5000, wenye uwezo wa kulichungulia sanduku vipande vipande kama daktari anavyoichungulia maiti. Ukitilia shaka kitu, hukielekezea mwali mwembamba wenye nguvu nyingi. Mwali huo ukiipata filamu iliyoviringika mkebeni, huacha mkanda. Na ukiikunjua filamu, mkanda huo huwa wimbi.

Kwa hiyo sioni wa kumlaumu kwa picha za mama yule. Mtambo ulifanya kazi yake, na hakuna mzazi ambaye angependa uifanye nusunusu wakati mwanawe yuko angani. Ninalolalamikia ni ukimya. Kaunta zinatuuliza kama tumebeba betri, visu, nyepesi za kuwashia moto na samaki wabichi. Neno moja juu ya filamu lingewagharimu nini?

Kanuni ya kwanza, basi, ni ile iliyo juu ya makala haya. Filamu isiyosafishwa isikabidhiwe pamoja na masanduku, hata iwe ya kasi ndogo namna gani. Iende nawe mkononi.

Hata mkononi nako siku hizi pana hadhari mpya. Ile mitambo ya zamani ya kukagulia mikoba, ambayo ingalipo katika viwanja vingi, aghalabu haidhuru filamu ya kasi ya 100, 200 au 400 ikipita mara moja au mbili. Yenye kasi ya 800 kwenda juu ndiyo ya kuhofia. Kasi hiyo, ambayo wazee waliijua kwa herufi ASA na leo huandikwa ISO, ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Iliyo nyepesi kuhisi mwanga ni nyepesi pia kuhisi eksirei. Filamu za zile kamera za papo hapo aina ya Instax ni za kasi ya 800, hivyo maarusi nao wasikilize. Na madhara hujumlika. Msafiri wa Afrika Mashariki aghalabu hukuta mtambo mlangoni pa jengo la abiria kabla hata hajafika kaunta, kisha mwingine kabla ya kupanda ndege, kisha mwingine tena anapobadili ndege ughaibuni. Safari ya kwenda na kurudi inaweza kuwa mipito mitano au sita.

Hadhari mpya ni hii: tangu mwaka 2019 hivi, viwanja vikubwa vya Marekani na Ulaya vimekuwa vikiiondoa mitambo ya zamani ya mikoba na kuweka ile ya kuchungulia vipande vipande, jamaa ya ile ya masanduku. Watengenezaji wa filamu, Kodak na Ilford miongoni mwao, wameonya kwamba mtambo huo huweza kuiharibu filamu ya kasi yoyote kwa mpito mmoja tu. Utautambuaje? Huwa mkubwa na mnene kama pipa lililolazwa, na mara nyingi utaambiwa uiache kompyuta yako mkobani, usiitoe. Abiria wengine hufurahia wepesi huo. Mwenye filamu akisikia maneno hayo na ashtuke.

Njia iliyobaki ni kuomba ikaguliwe kwa mkono. Katika Marekani kanuni humpa abiria haki ya kukaguliwa filamu zake bila eksirei akiomba. Kwingineko ni hisani ya ofisa, na hisani huombwa kwa adabu. Fika mapema, maana ukiomba jambo hilo nyuma yako pana foleni ya watu sitini utachukiwa na pande zote. Zitoe filamu katika vikasha vyake vya karatasi, uzitie zote katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonya, ili ofisa azione bila kufungua kitu. Imalize filamu iliyomo kamerani na kuitoa kabla ya kufika kiwanjani, kwa sababu si kila ofisa atakayekubali kamera yenyewe ipite pembeni.

Nilijaribu mwenyewe mwaka juzi, katika kiwanja ambacho sitakitaja. Ofisa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole sana.

"Hizi ni nini, kaka?"

"Ni filamu za kamera, mdogo wangu. Naomba zisipite kwenye eksirei."

Akaichukua moja, akaitikisa sikioni, akainusa. Kisha akakiona kile kiulimi cha filamu kilichochomoza mkebeni, akakishika kwa vidole viwili. "Ngoja niivute nione kama kweli zimo picha."

Nilipiga ukelele ambao hata mimi ulinishangaza. Alikuja msimamizi wake, mama mtu mzima, akacheka hadi akajifuta machozi. Akamweleza kijana kwamba akiivuta ile mwanga utazila picha zote, na kwamba hata ya ubatizo wake yeye ilipigwa kwa kitu kama kile. Akazipangusa zote kwa kitambaa cha kupimia baruti, akanirudishia. Dakika tatu hazikutimia.

Watu huniuliza juu ya ile mifuko maalumu ya kukinga miale, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Husaidia kidogo katika mitambo ya zamani. Katika mitambo mipya si ya kutegemewa, na zaidi ya hayo mfuko huo huonekana kama doa jeusi ambalo ofisa hawezi kuona ndani yake, hivyo mkoba utarudishwa na kufunguliwa, au upitishwe tena, na pengine tena. Na kama unao, tafadhali chagua maneno yako. Msafiri anayetangaza mbele ya askari kwamba mkobani mwake mna risasi atakuwa na mambo mengine ya kueleza kabla ya filamu.

Usiogope yasiyoogopesha. Lango lile la kupimia vyuma haliidhuru filamu. Picha zilizochapwa, negativu zilizokwisha kusafishwa, kadi za kamera za kisasa, vyote hivyo na vipite vitakavyo. Kinachodhurika ni filamu ambayo haijasafishwa, iwe imepigwa picha au la. Posta nayo si kimbilio, kwani vifurushi vivukavyo mipaka navyo huweza kupitishwa katika eksirei, na maandishi juu ya kifurushi hayana nguvu ya amri.

Hivyo, palipo na fundi wa kuaminika, lililo bora kuliko yote ni kuisafisha filamu kabla ya kupanda ndege. Kwa filamu nyeupe na nyeusi haihitaji makubwa: chumba cha giza, birika la kusafishia, dawa mbili tatu na mtu anayejua. Ile ya rangi hutaka dawa zake na joto lisilotetereka, na mafundi wake wamepungua. Lakini uliza kwanza mjini kwako kabla hujamkabidhi msafiri. Wapo studio za zamani ambao bado wana mtu nyuma ya pazia.

Nilimweleza mama yote haya, kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza akiwa amesimama vilevile. Kisha akaingiza mkono mkobani, akatoa mkebe wa pili. Ulikuwa umeviringishwa kitambaa, na juu yake marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Mama, Tabora." Ni mama mkwe wake, aliyefariki mwaka 2001, hakuna picha yake nyingine katika ukoo mzima. Binti mdogo anasafiri mwezi ujao kwenda kwa kaka yake, na alikuwa amekwisha kuahidi kuupeleka.

Tumekubaliana nimtafutie kwanza fundi hapa mjini, na nimepata majina mawili ya kuuliza. Ikishindikana, binti atausafirisha mkononi. Kwa tahadhari mama alinitaka nimwandikie karatasi ya kuonyeshwa maofisa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, herufi kubwa. Niliandika: "Hii ni filamu ambayo haijasafishwa. Tafadhali ikaguliwe kwa mkono." Akaisoma mara mbili, akaniomba kalamu, na chini yake akaongeza mwenyewe: "Wala msiivute."