Miaka 50 ya Muziki Makerere: Sasa Zamu ya Mashariki

Mwaka 2021 Idara ya Muziki, Dansi na Drama ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitimiza miaka 50. Yubile hiyo ya dhahabu iliangukia kipindi kigumu. Jengo kuu la chuo lilikuwa limeungua Septemba 2020, na Juni 2021 madarasa nchini yalifungwa kwa mara ya pili kwa sababu ya korona. Sisi huku Walukuba, mtaa wa Jinja, tunaona hiyo ndiyo sababu ya kuipongeza idara kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa tangu izaliwe haijawahi kupewa wakati mwepesi.

Zamani shule kubwa ya muziki Buganda ilikuwa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme. Huko wapigaji walifunzana kwa mkono na sikio, kizazi hadi kizazi. Mei 1966 majeshi ya serikali yalivamia Lubiri, ndiyo ikulu hiyo, ala za kifalme zikateketea, wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa. Hapa Busoga, mashariki mwa nchi, bigwala, yaani tarumbeta za vibuyu zinazolia mfalme anapotawazwa na anapozikwa, zilikosa wa kuziita. Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, na mwaka huohuo idara ikaanzishwa. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Maonyesho la Taifa, aliuawa. Kufundisha sanaa miaka ile kulitaka moyo, na walimu kama Solomon Mbabi-Katana na Rose Mbowa walikuwa nao. Urithi uliofukuzwa ikulu ulipata kwao chumba cha darasa.

Matunda yake yamefika mbali. Justinian Tamusuza, aliyefundisha nadharia na utunzi pale Makerere, alizaliwa 1951 na kulelewa katika muziki wa Kiganda: kuimba, ngoma, fidla ya endingidi, kinubi cha ennanga. Baadaye alisoma utunzi Belfast kwa Kevin Volans, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alikopata udaktari. Kwarteti yake ya kwanza, iliyoandikwa kwa fidla mbili, viola na chelo, inaitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, katika njia ya Msalaba. Kundi la Kronos la San Francisco lilirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992, pamoja na kazi za watunzi wengine sita wa bara hili. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha za Billboard za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia.

Wapo waliouliza mtu wa Buganda anatafuta nini kwenye fidla za Wazungu. Jibu linapatikana kwenye amadinda. Marimba hiyo ina vibao 12 na hupigwa na watu watatu. Omunazi anaanza, omwawuzi anapenyeza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na omukoonezi anadaka noti zake mbili upande wa juu. Wimbo unaosikika hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga peke yake. Watu wachache, kila mmoja na sehemu yake, wakisikilizana bila mwongozaji: huo ndio muziki wa kundi dogo popote duniani. Tamusuza hakwenda ugenini kuomba. Alikwenda na ujuzi ambao wapigaji wa kwao walikuwa nao tangu enzi, akaukabidhi kwa ala nyingine.

Nchi ndogo nyingine zilipita njia hiyohiyo. Georgia, ile ya milima ya Kaukazi, ina watu wasiofika milioni nne, lakini uimbaji wake wa sauti nyingi unajulikana ulimwenguni kote. Sulkhan Tsintsadze, aliyezaliwa Gori mwaka 1925, alikuwa mpigaji chelo. Alichukua nyimbo za kijijini akazigeuza vipande vifupi vya kwarteti, kisha akaandika kwarteti kubwa 12. Kwa miaka mingi aliongoza pia chuo cha muziki cha Tbilisi. Mtunzi na chuo walijengana. Georgia haikusubiri kutajirika ndipo iwe na muziki wa kuandikwa, na Uganda haina sababu ya kusubiri.

Pongezi zetu zina dai ndani yake. Kwa miaka hiyo 50 sikio la Makerere limeelekea zaidi Buganda, na hilo linaeleweka, maana chuo kiko Kampala. Lakini mwaka 1955 Joseph Kyagambiddwa, ambaye baadaye alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, alikipa kitabu chake kuhusu muziki wetu jina la chanzo cha Mto Nile. Chanzo hicho kiko hapa Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka lango la chuo.

Nini kiko huku? Iko embaire, marimba kubwa ya Busoga ambayo vibao vyake hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume, na watu sita au zaidi huketi pande mbili wakiipiga kwa pamoja. Wapigaji wa kijiji cha Nakibembe wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Iko bigwala, ambamo kila tarumbeta ina noti moja tu na wimbo hutokea kwa kupokezana. UNESCO ilipoiweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, walibaki mabingwa wanne tu, wote wazee. Tangu hapo James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake wamewafikishia vijana ujuzi huo, na vibuyu vimepandwa upya. Huko Mbale iko kadodi, ngoma inayorindima kwenye imbalu, jando la huko. Na hapa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi uliokua pamoja na bwawa la Owen Falls na viwanda vya Jinja, watu wa makabila mengi walifika na nyimbo zao na kuishi ukuta kwa ukuta, wakielewana kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunaiomba idara, ambayo siku hizi inaitwa ya Sanaa za Maonyesho na Filamu, iienzi yubile hiyo kwa vitendo vitatu. Kwanza, Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa kila upande wa nchi, na nakala zimerudi Makerere katika hifadhi yenye jina lake. Nakala za mashariki ziletwe Jinja na Mbale, wajukuu wa waliorekodiwa wazisikie. Pili, mabingwa wa embaire na bigwala waalikwe kama walimu, kwa cheo na mshahara, wasiishie kuwa mifano ya kuonyeshwa wanafunzi. Tatu, mtunzi kijana aagizwe kuandika kazi kubwa ya embaire, bigwala na ala za nyuzi, na ipigwe Jinja kabla ya kupigwa Kampala au Ulaya.

Serikali nayo ina wajibu. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020. Jiji haliwi jiji kwa mabango na ushuru pekee. Linahitaji ukumbi wa muziki na shule ambayo mtoto wa Walukuba anaweza kujifunza nota bila kuuza ng'ombe wa babake.

Mwaka 2022 Makerere yenyewe ilitimiza miaka 100.  Walimu wa idara, walio hai na waliotangulia, walithibitisha kuwa muziki wa Uganda unaandikika na unasimama jukwaa lolote. Waliopokea kazi hiyo waje mashariki waiendeleze. Walimu wanaowasubiri huku ni wazee.